Firigisi ya Kuku wa Mwisho

Babu yangu aliletwa kutoka jimbo la Kasai kuchinja ng'ombe wa kuwalisha wachimba shaba wa Kolwezi, huku Katanga, na baba akarithi kisu chake. Mtaa wetu mzima, karibu na mgodi wa Musonoi, ulikuwa wa wachinjaji wa Kasai. Tulijivuna, sikatai. Watoto wa wengine walikula majani ya mihogo, sisi tulichagua mfupa. Baba aliweza kumgawa ng'ombe bila mzani na kila familia ikaridhika, jambo ambalo hata padri wetu hakuliweza kwa maneno.

Kisha migodi ikaanguka, machinjio yakafungwa, na watu tuliowalisha wakaanza kuimba barabarani kwamba Wakasai warudi kwao. Kwao wapi? Baba alizaliwa Kolwezi. Majirani walikuwa wakilala stesheni kungoja treni, na wanaume wengi walikuwa peke yao, maana wake zao waliokuwa wenyeji walichukuliwa na ndugu zao.

Mama yangu alikuwa mwenyeji, mtu wa Katanga ya kaskazini. Adhuhuri moja kaka yake mkubwa akaja kumchukua. Aliingia, akakalia kiti cha baba makusudi kabisa. Baba, mwenye mikono ya kuangusha fahali, akakaa kwenye kigoda cha watoto. Nilimchukia mjomba siku ile, Mungu anisamehe.

"Weye habakukufukuza," alimwambia mama. "Kamata batoto, twende. Tata yabo aende kwabo," akamnyooshea baba kidole.

"Yaya, kula kwanza," mama akamjibu kaka yake. "Bukari inapola."

Pamoja na huo ugali alikuwa amepika kuku wetu wa mwisho. Kwetu firigisi huliwa na mwenye nyumba tu, na mkewe ndiye anayempa. Mke akimpa mwanamume mwingine mbele ya mumewe, ndoa imekwisha, hakuna haja ya hakimu. Mjomba alilijua hilo. Hata sisi watoto tulilijua. Akasogeza sahani yake.

Mama alichota firigisi kwa kijiko, akampita kaka yake, akapiga magoti penye kigoda na kuiweka kwenye sahani ya baba. Kasai hakuwahi kufika, hata kusalimu kwa lugha yao hakujua. Mpaka leo nikikumbuka mwili wote unanisisimka. Nimeona mengi, lakini ushujaa wa ukubwa ule sijauona tena.

Baba alitafuna huku akilia.

Mjomba akala, akamaliza, akanawa, akauliza, "Valizi iko wapi?"

Akajitwika sanduku letu, tukashika njia ya stesheni. Vijana wakaanza kuturushia mawe. Mjomba akahamia upande yalikotoka, akipaza sauti kwa lugha ya kwao kwamba huyu ni dada yake na hawa ni watoto wake. Jiwe moja likampasua shavu. Hakulitua sanduku mpaka mama alipopanda behewa.