Laboremus Katika Ufuta wa Bi Somoe

Siku hiyo naikumbuka vizuri, mwanangu, maana nilikuwa nimerudi Lionja likizo kutoka shule ya misheni Nachingwea, kichwa kimejaa Kilatini. Neno nililolipenda kuliko yote lilikuwa laboremus, yaani "na tufanye kazi". Kwetu hiyo "tu" hutangulia mbele ya neno. Kwa Kilatini imekaa mkiani, kwenye "mus". Nililitembeza kijiji kizima kama mtu aliyenunua baiskeli mpya.

Sasa jirani yetu Bi Somoe, mwenyeji wa Ruangwa aliyeolewa kwetu, ufuta wake ulikuwa umekomaa na mumewe amelazwa hospitali. Ufuta haumsubiri mtu. Maganda yakikauka hupasuka, mbegu zikamwagika chini, na jasho la mama yule na wanawe lingekwenda bure. Akatualika tumsaidie kuvuna naye atupikie, kama ilivyo desturi yetu. Waislamu kwa Wakristo tukafika asubuhi na mapema, yeye keshabandika sufuria.

Mimi nikasimama pembeni na shati langu jeupe, nikawapigia kelele: "Laboremus!"

Mjomba wangu akainua uso, na kwetu Wamwera, mjomba ndiye mwenye sauti.

"Ndiyo nini hiyo, mpwa wangu?"

"Maana yake tufanye kazi, mjomba."

"Na wewe umo, au sisi tu?"

Nikababaika. Mwalimu alikuwa amefundisha wazi kwamba msemaji naye yumo.

"Nimo, mjomba."

"Haya, mundu huo hapo. Na ukifunga tita ulisimamishe wima, usije ukawalisha ndege."

Watu wakacheka, nami nikacheka, ingawa aibu ilinichoma masikio. Shati liliharibika kabla jua halijapanda. Kufika adhuhuri shamba zima lilikuwa linaitikiana: mmoja "Laboremus!", wengine "Tumo!", na sauti ya Bi Somoe ikizishinda zote. Tita la mwisho liliposimama, mama yule aliketi chini akalia kwa furaha. Sijawahi kufurahi vile darasani.

Mwanangu, siku hizi nawasikia vijana kwenye simu: "Tujitume! Tubadilike!" Maneno mazuri hayo. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa, na mdomo haukati ufuta. Ukisema "tu", watu wakuone umeinama nao shambani. Mungu akujalie majirani wanaokuja ukiwaita, na siku wakikuita wao, akukute tayari umeshafika.