Eka Tatu za Baba Mdogo

Baba mdogo alikuwa na eka tatu za mahindi, lakini mbele ya mtu mwenye faili zilinywea kama shati la bei poa likifuliwa. Mchango wa kila mwaka wa bomba la maji ulipopangwa kwa ukubwa wa shamba, alisema ana nusu eka. Wa barabara, nusu eka. "Serikali ikikuuliza una nini," alitufundisha, "ujue imekuja kukichukua." Tukambandika jina la Nusu Eka, naye akaitika kama aliyepewa cheo.

Mkewe hakucheka sana. Mgongo wake ulikuwa umeharibikia kwenye vibarua vya kulima mashamba ya watu, na mwaka ule mumewe alimwapia: "Tukipata mbolea ya kutosha, mama watoto, jembe lako haligusi tena shamba la mtu."

Ndipo bwana shamba akaja na fomu za ruzuku ya mbolea. Safari hii serikali ilikuwa inatoa, tena kwa kila eka. Alilitangaza hilo asubuhi, baba mdogo akiwa bado nyumbani anatafuta kiatu cha pili. Alipofika akakuta meza, mhuri na faili, ugonjwa ukampanda.

"Mzee, una eka ngapi?" bwana shamba akamuuliza.

"Eka? Nusu, mwanangu. Nayo mawe matupu."

Mwenye kalamu nilikuwa mimi, nikimsaidia bwana shamba kuandika. Stashahada yangu iliishia njiani, lakini kujaza fomu nilishafundishwa. Ningemvuta pembeni. Badala yake nilimkonyeza jirani, tukabana kicheko, nikaandika nusu. Nitamwambia jioni, nikawaza, kesho turekebishe. Jioni nikaenda kuangalia mpira, na bwana shamba akaondoka na fomu zake.

Miezi miwili baadaye hela zikaingia kwenye simu. Wenye eka tatu walipata za mifuko sita. Za kwake zilitosha mfuko mmoja. Akakimbilia ofisini, mimi nyuma.

"Ninazo tatu!"

Bwana shamba akamgeuzia fomu. "Saini ya nani hii, mzee?"

"Yangu."

"Basi mwenyekiti wa kijiji athibitishe. Nabadilisha leo hii."

Mwenyekiti alikuwa palepale, na ndiye mtunza daftari la michango ya maji. "Nathibitisha, ndugu yangu. Eka tatu nazipita kila siku. Ila nikiandika tatu hapa, na kule niandike tatu. Miaka kumi na moja pengo lako tumeliziba sisi."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angefoka. Kwenye foleni alikuwepo mjane mwenye eka moja, aliyeilipia yote kila mwaka bila kukosa. Baba mdogo alimtazama, akatazama chini.

"Acheni tu," akasema. "Iwe nusu."

Mimi niliyeiandika nusu hiyo nikamfungulia mlango, tukatoka.

Mama mdogo aliuona ule mfuko mmoja. Jumatatu akajifunga kitenge kiunoni, akachukua jembe.

"Ungesema tatu," alimwambia mumewe mlangoni. "Wangekucheka siku moja tu."

Baba mdogo alimpokea jembe, akambebea hadi barabarani, akasimama nalo bila kuliachia.

"Nipe, baba," mama mdogo akasema. "Wakianza bila mimi, hawanilipi."