Magodoro ya Desemba

Kila Desemba nilikuwa naanika magodoro. Nyumba yetu iko Mghange, huku juu milimani, ambako ukungu huingia mpaka kabatini na godoro lisilolaliwa hushika unyevu likanuka. Basi, Krismasi ikikaribia, nilikuwa nayatoa yote matatu: la kifungua mimba wangu aliye Nairobi, la mdogo wake aliye Mombasa, na la binti yangu aliyeolewa Nakuru. Nayatandaza juu ya ua wa mbele. Huku kwetu hilo ni tangazo. Magodoro yakiota jua, kijiji kizima kinajua wana wa nyumba ile wanakuja.

Shida ni kwamba magodoro yalionekana, watoto hawakuonekana.

Sisemi wanangu ni wabaya. Wanapiga simu, wanatuma kitu, wanauliza mguu wangu unaendeleaje. Lakini sikukuu ikiwa mlangoni, simu inalia. Mama, kazi imebana. Mama, mtoto ana homa. Mama, tutakuja Pasaka. Na mimi nimeshakata mkungu wa ndizi nikauvundika, na ndizi haijui kuahirisha, ikiiva imeiva. Nilikuwa nazila peke yangu mpaka mwaka mpya, nimenuna, nikirudisha magodoro ndani moja moja huku jirani akiniuliza kutoka ng'ambo ya ua, "Hawajafika bado?" Hiyo bado yake ilikuwa inanichoma kuliko yote.

Na mimi nilikuwa nalala wapi? Chumba cha nyuma kando ya jiko, dirisha linatazama choo. Marehemu mume wangu aliijenga nyumba hii tukiwa bado Voi, yeye akifanya kazi ya reli, mimi nikishona sare za shule sokoni. Alijenga chumba kwa kila mtoto, kwa sababu alisema asiye na kitanda kwao hana kwao. Kile kikubwa cha mbele, chenye jua la asubuhi, akampa kifungua mimba na mke wake, wawe wanafikia hapo. Kisha yeye akafa, na mimi nikabaki mlinzi wa vitanda.

Mwaka juzi, baada ya wote watatu kupiga simu ya kutokuja, nilikaa kwenye ngazi ya mlango nikalia. Sikuwalilia wao. Nilijililia mimi, mwanamke mzima mwenye nyumba ya vyumba vinne, anayelala karibu na choo huku akiwatunzia jua watu wasiokuwepo. Halafu nikakasirika, na hasira ile ilinifaa. Nilibeba blanketi langu na Biblia yangu nikahamia chumba cha mbele siku hiyo hiyo. Asubuhi jua likanikuta kitandani. Nikanywa chai palepale mpaka ikaisha.

Jirani alikuja mbio. Ni mama wa umri wangu, tumesaidiana kuzika waume, na ulimi wake haujui kukaa. Alisimama mlangoni, hakutaka hata kuingia.

"Mwenzangu, mama halali kitanda cha mwanawe na mkamwana. Ni mwiko. Unataka kuwaletea balaa?"

"Balaa gani kubwa kuliko hii ya kungoja?"

"Na wakija?"

"Asiyekuwepo na lake halipo," nikamwambia. "Wewe, mgongo wako vipi?"

Alishangaa. Mgongo ulikuwa unamsumbua tangu masika, na godoro lake lilikuwa limekonda mpaka mbao za kitanda zinamchoma. Nikaingia chumba cha binti yangu nikatoka na godoro. Alikataa, akakataa tena, akanihubiria juu ya mwiko, kisha akajitwika akashuka nalo kwake, bado ananihubiria. Waliomwona njiani walimuuliza kama wageni wangu wamezidi. Nilicheka peke yangu mpaka nikashika ukuta. Godoro la pili nililipeleka kanisani, kwenye chumba cha wageni, na mahali lilipokuwa nikaweka cherehani yangu.

Desemba iliyopita kifungua mimba akapiga simu. "Mama, mwaka huu nakuja. Kweli kabisa. Nianikie godoro."

Ugonjwa wa zamani ukaamka. Nilipokata simu tu nikaanza kuwaza mkungu gani nikate, na nitahamisha vitu vyangu saa ngapi kurudi kule nyuma. Nilishavaa ndara, nimefika mlangoni, nikasimama. Nilikuwa naenda kumfufua yule mama wa kungoja, na mimi simtaki tena. Nikampigia mwanangu.

"Karibu sana kwenu, baba. Ila njoo na godoro lako."

"Mama, umekasirika?"

"Nilikasirika, imekwisha. Chumba cha mbele nalala mimi. Ukija nitafurahi, na usipokuja nitafurahi. Lakini sianiki kitu tena."

Haikupita saa, binti akanipigia akilia, eti nimewafukuza. Nikamwambia mlango hauna kufuli, kilichokwisha ni kungoja. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo hili ni langu.

Siku ya Krismasi kifungua mimba hakutokea. Nilipika kimanga, ndizi mbichi nikaziponda na maharagwe, nikamwita jirani, tukala kingali moto mpaka tukakwangua sufuria. Hakuniuliza habari ya bado.

Kesho yake alasiri nikasikia gari dogo likihangaika na mlima. Mwanangu alishuka peke yake, mkewe alikuwa zamu, na godoro limefungwa kwa kamba juu ya paa. Mtu mzima mwenye mvi ametoka Nairobi na godoro kichwani mwa gari, na watu wa mji wa Wundanyi njiani wamemwona. Alilifungua, akalikumbatia kwa mikono miwili, akanitazama kama anasubiri kuchapwa.

"Mama, hukuningoja?"

"Sikukungoja."

Nilisema kweli, na sikuwa na uchungu. Zile mara chache alizowahi kuja, nilimkumbatia nikiwa na njaa, nikitaka mkono wake mmoja unilipe miaka yote aliyokosa, naye alikuwa akiondoka mapema. Safari hii nilimwambia aliweke chini hilo godoro, nikamkumbatia nikiwa nimeshiba.