Gitaa Halipashwi Moto

Ngozi ya ngoma ikipashwa moto hutoa harufu ambayo sijaikuta mahali pengine. Ni harufu ya nywele zilizoungua kidogo, ya moshi wa mabua ya ufuta na ya jasho la mikono iliyoipiga ngoma hiyo miaka na miaka. Kwetu Nambambo, upande wa Nachingwea, harufu hiyo ilianza kusikika mavuno ya ufuta yakiisha, shule zikifungwa na baridi ikitufanya tuahirishe kuoga mpaka jua lipande. Ndio msimu wa wavulana kutoka jandoni. Hakuna mpigaji aliyethubutu kupiga ngoma ya baridi. Iliegeshwa kando ya moto, ikageuzwa, ikagongwa kwa kidole, ikarudishwa tena, mpaka ngozi ikakaza na sauti ikapanda. Mama yangu alizaliwa katika nyumba ya wapiga ngoma, na mtoto wa nyumba ile alijua kupasha ngoma kabla hajajua kusonga ugali. Nalitaja hili mapema kwa kuwa ndilo lililotuponza.

Mama yangu alipiga gitaa la umeme. Nalisema hivyo hivyo, kwa sauti kamili, maana nilipokuwa mdogo watu walilisema kwa kunong'ona: mke wa mtu, mkulima wa ufuta na korosho, hakosi kufunga wala kuswali, halafu siku za sherehe anajifunga kanga zake vizuri, anakaa kwenye kigoda na kupakata gitaa jekundu lililochomekwa kwenye spika ya betri ya gari! Gitaa lenyewe lilikuwa la Mjomba Selemani, kaka yake mkubwa wa Mbekenyera, kule Ruangwa. Ujanani Mjomba alipiga tumba katika bendi mjini, na bendi ilipovunjika kila mtu akaondoka na alichokiwahi. Yeye aliwahi gitaa asilojua kulipiga. Mama akalichukua na kujifundisha mwenyewe, wimbo kwa wimbo, kwa kusikiliza redio. Lakini alilitumia tu, hakulimiliki. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno juu ya dada zake na watoto wao, na neno lake likishatoka halirudi mdomoni.

Karibu na mahali nyuzi zinapofungwa, gitaa lile lilikuwa na mkono mwembamba wa chuma. Ukiubonyeza, nyuzi zote hulegea kwa pamoja na sauti huzama. Ukiuachia, sauti hupanda na kurudi ilikotoka. Mama aliubonyeza taratibu mwishoni mwa kila beti, na sauti ikatetemeka kama ya mama wa bibi harusi anayejizuia kulia. Wanawake walimpendea hapo. Nyimbo alizopiga hata wengine walizijua, ila ule mtetemo ulikuwa wake peke yake.

Mwaka ambao mdogo wangu Hamisi aliingia jandoni, mkono ule uliharibika. Mama alikuwa amepata nyuzi mpya kutoka Dar es Salaam, nene kuliko za zamani, akafurahi sana, maana kwa mtu aliyezoea kuteka maji kisimani kamba nene ndiyo kamba. Tangu alipozifunga, sauti ilizama vizuri ila haikurudi kwao. Mara ilirudi juu kidogo, mara chini kidogo, na wimbo uliobaki wote ukawa chongo. Kwenye harusi moja vijana walicheka waziwazi, na Mjomba Selemani alikuwepo. Alipotuaga alisema bila ukali wowote, jambo lililonitisha zaidi: "Somoe, kuna mtu wa Masasi analitaka hili gitaa. Siku Hamisi anatoka, piga. Likikaa sawa, endelea nalo. Likituaibisha tena mbele za watu, linakwenda Masasi." Mama akajibu, "Sawa, kaka." Siku hiyo hakula. Mimi nilikuwa msichana wa darasa la sita, mwenye mdomo mrefu, na nilimchukia Mjomba kwa moyo wangu wote, ingawa shikamoo nilimpa.

Watu wema walimshauri Mama aufungue ule mkono autupe, apige kama wapigavyo wengine. Aliwaitikia kwa adabu, kisha akaniambia jikoni, "Nikiutoa mkono, nitakuwa napiga gitaa la mtu mwingine." Basi tukatandika mkeka nyuma ya nyumba, tukaligeuza gitaa kifudifudi na kufungua kifuniko chake cha plastiki. Ndani tulikuta springi fupi zilizovutwa kwa nguvu, upande mmoja zimenasa kwenye kipande cha chuma kilichoshikwa na skrubu mbili ndefu. Tuliangalia mbele, tukaangalia nyuma, hadi Mama akaelewa. Nyuzi zinavuta huku, springi zinavuta kule, na katikati lipo daraja, kile kibao cha chuma ambamo mkono umechomekwa. Wavutaji wakilingana nguvu, daraja hulala sawasawa na ubao. Nyuzi zetu nene zilikuwa zimezishinda springi, na daraja lilikuwa limeinua kisogo. Kamba hukatikia pabovu, Mama alisema, na pabovu petu tulikuwa tumepaona.

Alizikaza skrubu kidogo kidogo. Kila alipozikaza, springi zilivuta na sauti ya nyuzi ikapanda, ikabidi tuligeuze gitaa, alegeze nyuzi mpaka zipatane, tuligeuze tena na kukaza tena. Ni kazi ya subira, cha mtoto kuchambua mchele wa karamu. Ukichoka ukakaza kwa hasira, yote uliyofanya asubuhi yamekwenda. Daraja lilipolala, tuligundua kwamba mkono wenyewe unacheza ndani ya tundu lake na kugonga. Mama alitaka kuuzungushia kitambaa. Mimi nikatoa springi ya kalamu yangu ya shule, nikaitumbukiza ndani ya tundu, tukauchomeka mkono juu yake, nao ukatulia. Halafu palikuwa na kelele ndogo, "tik", kila uzi ulipokazwa. Ilitoka juu kwenye shingo, kwenye kile kipande cheupe chenye mifereji ya kupitishia nyuzi. Nyuzi nene zilikuwa zinanasa humo na kushindwa kurudi. Mama akasimama kwenda kuchukua mafuta ya ufuta. Nikamwambia asubiri. Shuleni, zipu ya begi ikigoma, tuliipaka weusi wa penseli. Tulisaga penseli yangu, tukapaka kila mfereji, na "tik" ikaisha. Siwezi kueleza nilivyojiona siku ile. Nilitembea kijijini nikitamani mtu aniulize habari za zipu.

Lakini mdharau mwiba mguu huota tende, na mwiba mmoja ulikuwa bado ndani. Gitaa lilikaa sawa mchana kutwa, kisha alasiri, Mama alipojaribu kupiga kama atakavyopiga kwenye sherehe, likapotea tena katikati ya wimbo wa kwanza. Tukarudia skrubu, tukarudia penseli. Likapotea tena. Niliona machozi ya Mama, naye akasingizia moshi. Na moshi kweli ulikuwepo, kwa sababu kila alipojiandaa kupiga aliwasha moto na kuliegesha gitaa kando yake, akalipatanishia palepale likiwa na vuguvugu. Hakuna aliyemfundisha. Alipasha gitaa kwa kuwa muziki hupashwa, na hata mimi sikuona ajabu yoyote.

Jibu lilikuja nikianua nguo. Kwetu nguo zilianikwa kwenye waya, si kamba, na waya ule ulikuwa na tabia ambayo kila msichana wa nyumba anaijua: asubuhi na baridi umekaza, jua likiwa utosini umelegea hadi kanga zinagusa vumbi, na unachapwa wewe. Nilisimama na kanga begani. Nikaenda jikoni nikasema, "Mama, ngozi ikipata moto inakaza. Waya ukipata moto unalegea." Akatoka, akaugusa waya, akarudi, akaligusa gitaa lililokuwa motoni. Kumbe alikuwa akizikaza nyuzi zikiwa zimelegea kwa joto, kisha akiondoka motoni upepo unazipoza, zinajivuta, na daraja linainua kisogo upya. Mama alicheka mpaka akakaa chini. "Miaka yote hii nalipika gitaa la watu!" alisema, kisha akanikumbatia mbele ya majirani, jambo ambalo wakubwa wa kwetu hawakulifanya ovyo.

Siku yenyewe tulikuwa Mbekenyera, uwanjani kwa Mjomba. Wavulana walitoka wamevaa kanzu mpya na miwani ya jua, Hamisi katikati yao akijifanya hatuoni. Wanawake walipiga vigelegele, unga ukapakwa usoni mwa kila aliyepita, na Baba alikuwa ameinama juu ya betri akikagua waya. Mama alikuwa ameliacha gitaa kivulini tangu asubuhi ili lizoee hewa ya hapo, nyuzi zimepatana, daraja limelala. Akaenda kumpokea mwanawe. Nilipogeuka, Mjomba Selemani alikuwa amelichukua gitaa kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa, analipeleka kwenye moto wa ngoma. Alikuwa anamsaidia dada yake. Aliliinamisha liangaliane na miali, akasogeza ngoma kubwa kulipisha.

Mtoto wa kike hamkatazi mjomba wake, sembuse uwanjani kwake, mbele ya wageni wake. Nililijua hilo kama ninavyojua jina langu. Nilijua pia kwamba wimbo wa kwanza tu ungetosha kulipeleka gitaa Masasi. Nikaenda, nikapiga goti, nikasema kwa sauti iliyotoka kubwa kuliko nilivyokusudia, "Samahani, Mjomba. Gitaa halipashwi moto." Wapiga ngoma wakaacha kugonga. Mjomba akaniangalia, kisha akauliza, akitazama juu ya kichwa changu, "Nani amemfundisha huyu?" Nyuma yangu nikamsikia Mama, mkono wa Hamisi ungali mkononi mwake: "Hakufundishwa, kaka. Yeye ndiye ametufundisha sisi." Mjomba alilitoa gitaa motoni, akalifuta majivu kwa pindo la kanzu yake, akalirudisha kivulini mwenyewe.

Mama alilipa muda lipoe. Kisha akapiga. Mwisho wa beti ya kwanza aliubonyeza mkono chini kabisa, chini kuliko alivyowahi, sauti ikazama mpaka nikashika pumzi, halafu akauachia na sauti ikarudi kwao, palepale pake. Akabonyeza tena, ikarudi. Wanawake walipagawa. Mcheza kwao hutunzwa, na siku hiyo kanga zilivuliwa mabegani na kumwagwa miguuni pake hadi nikashindwa kuzibeba. Mjomba alisubiri wimbo uishe, akamsogelea, akasema, "Somoe, Masasi mbali."

Siku hizi msimu wa jando ukifika, spika kubwa hukodiwa kutoka mjini na kijana mmoja mwenye simu hupiga nyimbo zote za Dar bila kushika uzi hata mmoja. Wanangu wakipata swali huiuliza simu, nayo huwaonyesha mtu akikaza skrubu zilezile tulizozitafuta kifudifudi mkekani. Sioni ubaya, ningekuwa nayo enzi zile ningeiuliza na mimi. Ila ninapoliona jibu lao limekuja kabla chai haijapoa, najiona tajiri kwa yale majuma ambayo mimi na Mama hatukuwa na wa kumuuliza, tukaulizana wenyewe. Vidole vya Mama sasa vimekakamaa, kwa hiyo napiga mimi, Nachingwea na Ruangwa, popote wanapotuita. Wiki iliyopita nilikuwa Mbwemkuru, nimekaa kigodani, naubonyeza mkono mwishoni mwa beti, na mwanamke mmoja aliyekuwa bado njiani nyuma yangu, hajamwona mpigaji, akamwambia mwenzake waongeze mwendo, Mama Zuhura ameshaanza kupiga. Zuhura ni mimi. Nilimsikia, nikapiga beti nyingine, na sikumsahihisha.