Kaka ya Wajane

Siku ya kwanza ya kazi nilifika ku foyer ya Masisi na matope mpaka ku magoti. Madame Directrice akanituma kunawa kwanza, jina akaniuliza nyuma. Foyer ilikuwa nyumba ya kufundishia wamama kushona, kupiga pasi na kuogesha watoto. Mie nilisoma myaka mbili tu, lakini akaniweka monitrice, ni kusema mutu wa kupita nyumba ku nyumba kuangalia kama masomo inafuatwa.

Mama akiona haumuchungulii masufuria, anakuambia yenye kumuuma. Wajane ilikuwa inawauma mashamba. Bwana anakufa, na ndugu ya bwana anakuja kubeba kilima muzima.

"Wee uko wa sabuni," Directrice akanigombeza. "Mashamba iko ya tribunal."

"Ndiyo, Madame." Na nikaenda ku tribunal, kule Mwami, mukubwa wa inchi yetu, anakata maneno.

Kule mwanamuke hakuruhusiwa kusema. Kaka yake njo alimusemea. Mama Veronika, mujane wa watoto wane, hakukuwa na kaka. Shemeji yake akaapa mbele ya Mwami: "Hii shamba njo mie nalilima. Huyu alikuwa ananisaidia tu."

Akishinda, wale watoto watakula nini? Nikasimama. Karani akaniangalia juu mpaka chini: "Mama, wee uko kaka yake?"

"Leo njo mie kaka yake."

Watu wakacheka. Mwami akasema: "Haya, Kaka, uliza."

"Papa, mu ile shamba unapandaka nini?"

"Maharagi."

"Maharagi gani?"

"Maharagi njo maharagi!"

"Na fimbo zake unakata wapi?"

"Fimbo ya nini? Niko muchunga wa ngombe?"

Wamama waliosimama inje wakapasuka kucheka. Kwetu juu ku milima, maharagi inapandaka ku fimbo. Bila fimbo inaoza chini. Hata mutoto anajua. Mwami mwenyewe akafunika kinywa, kisha akamugeukia mujane: "Na wewe?"

Mama Veronika akajibu kwa kinywa yake mwenyewe: "Ku matete ya mutoni, Mwami. Nazibebaka ku mugongo, hata na mimba."

"Shamba iko yake."

Directrice hakufurahi. Akanituma Walikale, mu pori, eti nipowe. Kule swali yangu ya fimbo ikakufa, kwa sababu wao ni watu wa mihogo na ndizi. Nikajifunza upya, mikono mu maji pamoja na wamama wenye kuloweka mihogo, mpaka nikapata maswali ya kule. Sikupowa.

Uhuru ilipokaribia, Mwami akaniita nirudi Masisi, niingie mu baraza ya washauri wake. Wanaume watupu. Muzee mumoja akanigeuzia mugongo. Mwami akasukuma kiti: "Kaka, ikala."

Sasa nimeacha kazi, meno inabakia tatu. Nyinyi wajukuu munaniuliza juu ya nini watu ku soko wananiita Kaka, na mie ni nyanya yenu. Ile jina sikupewa na baba, sikupewa na bwana. Nililisimamia.