Mkurugenzi Aliyefuta Hesabu ya Mbuzi

Mchezo wa mwisho wa Mkurugenzi umeigharimu kampuni yetu ya michezo ya simu ofisi ya Lodwar, jenereta, na wachoraji wawili waliokimbilia Nairobi. Nimejumlisha mara mbili, hasara haikupungua. Ijumaa wenye hisa wanakutana kuamua kama aondoke. Kura zimegawanyika sawasawa, na iliyobaki ni yangu, mimi mstaafu mwenye hisa chache. Kabla sijainua mkono, nyinyi vijana mnaomcheka sikieni kazi ilivyokuwa.

Mimi ni mzaliwa wa Kitale, nilikuwa nimehamia Kakuma kuuza chaja na kava za simu. Yeye alikuwa kijana mwenye laptopu iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Alibishana nami bei ya waya hadi adhuhuri, asinishushe hata shilingi.

"Mama, una macho makali. Njoo uwe mjaribuji wangu."

Mjaribuji ni mtu anayecheza mchezo wa simu kabla haujatolewa, autafutie makosa.

"Yaani nilipwe kwa kucheza?"

"Kwa kukasirika."

Siku ya kwanza akanikalisha kwenye kibanda cha kuchajia simu. Waliosubiri simu zao, Wakongomani, Wasudani Kusini, wafugaji, tuliwapa zetu zenye mchezo ambao haujaiva. Hakuwauliza kama wameupenda. "Watu wana adabu," alisema, "watasifu hata uji ulioungua." Alitazama jambo moja tu: mtu akiitwa achukue simu yake, anainuka, au anasema "ngoja kidogo"? Akiinuka, sisi tunaanza upya.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa kuhamisha mifugo kutafuta maji. Mimi nilitaka juu ya kioo pakae namba: una mbuzi wangapi. Asiyejua hesabu yake ataibiwa, nikamwambia. Mkurugenzi, mtoto wa wafugaji wa Kataboi, akaifuta.

"Mama, ungemuuliza babangu ana mbuzi wangapi, angekuonyesha njia ya kurudi kwenu. Mali ya mtu haihesabiwi mbele za watu. Mwenyewe anawajua kwa rangi na pembe. Mmoja akipotea, anaona pengo."

Mchoraji wetu Mkongomani akalia kwamba atalazimika kumchora kila mbuzi na mabaka yake.

"Ndiyo. Na usiniletee mapacha."

Mchezo ule haukula bando. Watu waliurusha simu kwa simu. Nilipohamishiwa Kalokol kuwa mkuu wa mauzo, niliukuta umeshafika, na wauza samaki wakanifundisha njia za mkato ambazo sisi wenyewe hatukuzijua. Wa pili ukaupita wa kwanza. Nimefanya kazi chini ya mameneja wenye vyeo virefu kuliko barabara ya Lokichoggio. Hakuna mwingine aliyeweza kutazama mgongo wa mtu akajua kwamba mchezo umemchosha.

Nikastaafu hapo Kalokol. Kisha ukaja mchezo wa tatu, uliojaribiwa Lodwar ofisini, na watu wanaolipwa na yeye. Namba ilikuwepo, na chini yake orodha ya nani ana mifugo kumshinda nani. Nilimpa jirani yangu, mfugaji mzee. Alitazama, akakifunika kioo kwa kiganja.

"Nani amewatangazia hawa mali yangu?" Akanirudishia simu.

Juzi Mkurugenzi alikuja kwangu.

"Ejok, mama," akanisalimu kwa Kiturkana.

"Ejok. Kura hujaiomba bado, kaa kwanza."

"Siombi. Washauri walisema wachezaji wanapenda kushindana. Nikaamini."

"Na wewe ulimtazama nani akicheza?"

"Nilikuwa na mikutano."

Nikamtajia bei: kura yangu, kwa mwaka mzima kwenye benchi la kuchajia, Kakuma.

"Mwaka? Miezi mitatu, mama."

"Kumi."

"Mkurugenzi mzima! Watanionaje?"

"Watakuona umewakalia nafasi kwenye benchi."

Alicheka hadi akafuta macho, akaaga bila kusema ndiyo wala hapana.

Michezo miwili ambayo watu bado wanaicheza, mmoja uliozikwa. Dukani ningesema hiyo ni faida, lakini wachoraji waliobaki wana watoto, na mchezo mbovu mwingine utawarudisha nyumbani. Basi nyinyi mliowahi kuwa chini ya mkubwa aliyekuwa hodari, nishaurini: mtu kama huyu huongezewa muda, au hushukuriwa akaenda? Nijibuni kabla ya Ijumaa, maana mimi naelekea kumpa kura, na muuzaji akishampenda mteja hafai tena kuachiwa bei.