Honi Niliyompigia Mama

Ijumaa ile naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku niliyooa. Mkoa wetu wa Manyara ulikuwa mchanga, Babati imejaa wageni na ofisi mpya, na mimi nilikuwa kijana mwenye nguvu zangu na kichwa kigumu. Rafiki yangu Sefu, mwenye duka pale sokoni, alikuwa amenunua pikapu. Tukapanga twende Ziwa Basotu, tupige hema siku mbili, tuvue samaki. Tulitoka Maisaka asubuhi na hema, sufuria, ndoano na mkungu wa ndizi. Usukani niliushika mimi.

Njia ya Basotu inapita Dareda, na nyumba yetu ilikuwa kando ya barabara. Mama alishasikia kwa mtu wa gulio kwamba nitapita. Tulimwona kwa mbali, amesimama na kibuyu cha maziwa mgando, amejifunga kile kitenge chake cha kanisani.

"Si mama yule?" Sefu akasema. "Simama tumwamkie."

"Tukisimama tumekwisha," nikamjibu. "Tutaletewa viti, kuku atakamatwa, jua litapanda tukiwa bado hapa. Tutasimama tukirudi."

Nikapiga honi mara mbili, nikapunga mkono, nikapita. Kwenye kioo nikamwona ameinua mkono wake, halafu vumbi likamfunika. Sefu akageuka kutazama nyuma. Nilimtania kwamba kama ana hamu ya mama, wa kwake yupo Nangara. Hakucheka, na hakuongea nami mpaka Katesh.

Basotu tulivua haswa. Sitakudanganya, nilifurahi sana siku zile mbili, nikaimba mpaka sauti ikakauka. Kambare mmoja mkubwa nilimtenga kwenye ndoo, nikasema huyu ni wa mama.

Jumapili mchana tukafika Dareda. Nikaona turubai uani na watu wamekaa kwenye mabenchi. Mama alikuwa ameanguka jikoni Jumamosi asubuhi, akafariki kabla hawajamfikisha hospitali. Kule ziwani simu haikushika, kwa hiyo walikuwa wananisubiri mimi tu ndipo wazike. Wanawake wakanipokea ile ndoo. Kambare akapikwa, wakala waliokuja msibani. Mimi sikuweza.

Mama mdogo akaniita pembeni. Hakunigombeza, na ningeshukuru kama angenigombeza.

"Ulipopiga honi, aliitikia," akaniambia. "Alisema, 'Marahaba, baba.' Nikamuuliza ana neno gani la kukuambia mpaka asimame barabarani tangu alfajiri. Akasema ni lenu wawili, utalisikia ukirudi."

Sijalisikia mpaka leo. Nimeota mvi nikilikisia. Huenda lilikuwa la shamba, au la ndugu yangu tuliyekuwa hatusemezani. Huenda alitaka tu kunikumbusha sweta, maana kule kuna baridi, na mama yangu alikuwa mtu wa sweta. Naumia, mwanangu. Mama yangu aliitikia shikamoo ambayo sikuitoa.

Sasa jana nimekuona hapa Bagara, wewe na wenzako, mnafunga hema juu ya gari na kubishana nani atashika usukani. Nendeni, mle ujana wenu. Mimi si mzee wa kuwakataza vijana ziwa. Ila ukipita penye mlango wa mtu aliyekulea, zima gari. Shuka, mshike mkono, mwamkie kwa mdomo wako, ukae mpaka amalize alilonalo, hata kama ni habari ya kuku aliyepotea. Wenzako wakinuna, waache wanune. Usiseme utasimama ukirudi, kwa sababu kurudi ni kwako, lakini kukusubiri ni kwake, na hujui amebakiwa na siku ngapi.

Mungu akutangulie njiani, mwanangu. Akupe samaki wa kutosha na akurudishe mzima. Na yule atakayesimama barabarani kukungoja, Mungu amjalie akuambie neno lake lote.